Mume wangu ameamka jicho moja limefifia, na kuna vidonge hajamwambia daktari

Shangazi, shikamoo.

Mume wangu ana miaka 58. Presha anayo muda mrefu, na mwaka juzi wakamwambia sukari nayo imepanda. Mwezi uliopita aliamka, akaenda kunawa, akarudi ananiuliza nani kachafua kioo. Kumbe si kioo. Jicho la kulia lilikuwa linaona nusu ya juu tu, kule chini kote kijivu. Akifunga la kushoto na kunitazama anaona paji la uso na nyusi, kidevu hakioni. Hakuumwa popote, jicho halikuwa jekundu. Kwa kuwa haliumi alisema ni uchovu, tukakaa siku mbili ndipo tukaenda hospitali.

Daktari wa macho alimtia dawa ya kupanua mboni, akamulika, akasema neva ya jicho imevimba kwa sababu imekosa damu ya kutosha. Kwenye karatasi ameandika NAION. Akasema hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea, twende tukapumzike, turudi baada ya wiki sita. Nilitoka pale na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo.

Tangu hapo nyumba haikaliki. Shemeji yangu kasikia kuna upasuaji wa kuifungulia neva nafasi, anataka tuuze kiwanja tusafiri. Wifi kaleta matone ya presha ya macho yaliyobaki kwa mama yao. Mwanangu mkubwa kasoma mtandaoni kwamba ugonjwa huu unaletwa na sindano za kupunguza uzito, wakati baba yake hajawahi kuzitumia. Mwenyewe amekuwa mkali. Juzi alikosea ngazi ya mwisho akaanguka. Nilipomshika mkono akanisukuma.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Nilipokuwa nafua suruali yake nilikuta pakiti ya vidonge mfukoni, imebaki na viwili. Ni vile vya nguvu za kiume. Sikusema kitu. Daktari alipomuuliza anatumia dawa gani, nami nimekaa palepale, alijibu: "Za presha tu, na ya sukari." Wala hakusema kwamba ile ya presha amekuwa akimeza mbili usiku badala ya moja, tangu mashine ya nyumbani ilipomwonyesha namba kubwa. Mimi nikanyamaza. Je, vidonge hivyo ndivyo vimempofusha? Nikimwambia daktari nitakuwa nimemvunjia mume wangu heshima? Na jicho la pili litapona kweli? Tena bado anaendesha gari, anasema jicho moja linamtosha.

Mke mwenye siri isiyo yake

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na baba watoto.

Kabla ya vidonge, na kabla ya shemeji na habari za kiwanja, nataka umuulize mumeo maswali machache leo hii. Je, kichwa kinamuuma siku hizi, hasa kwenye panja? Ngozi ya kichwa inauma akichana nywele au akilaza kichwa kwenye mto? Akitafuna chakula kigumu taya zinachoka na kuuma mpaka asimame? Amekonda bila sababu, ana homa za hapa na pale, mabega na nyonga vinakakamaa asubuhi? Ninauliza kwa sababu neva ya jicho hukosa damu kwa njia kuu mbili. Mojawapo ni ugonjwa wa mishipa ya damu kuvimba kuta zake, ambao huwapata watu waliovuka miaka 50, zaidi sana waliovuka 70. Ule ni wa dharura. Usipotibiwa, jicho la pili linaweza kwenda ndani ya siku au wiki chache. Daktari akiushuku huanza steroidi za nguvu, yaani dawa za kutuliza uvimbe, papo hapo, hata kabla ya kukata kipande cha mshipa wa panja kukipima.

Hiyo NAION mliyoandikiwa ni ile njia nyingine, isiyo na uvimbe huo wa mishipa, na ndiyo inayowapata wengi. Kwa umri wa mumeo na kwa ulivyonieleza, daktari ana sababu ya kuandika hivyo. Hata hivyo uliza kama alipimwa damu, vile vipimo vinavyoitwa ESR na CRP, vya kuonyesha kama kuna uvimbe mwilini. Kama havikufanyika, viombeni. Na jibu la "ndiyo" kwa swali lolote hapo juu ni safari ya hospitali leo, msingoje wiki sita.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana naona hamkuelezwa. Nyuma ya jicho kuna mahali ambapo nyuzi za fahamu zipatazo milioni moja hukusanyika na kutoka pamoja kwenda ubongoni. Pale zinapotokea hulishwa na mishipa ya damu myembamba mno. Watu wengine wamezaliwa na tundu dogo hapo, nyuzi zinabanana kama abiria mlangoni mwa basi lililojaa. Miaka inakwenda bila shida. Kisha siku moja damu inapungua kidogo, nyuzi zinavimba, na kwa kuwa nafasi haipo, uvimbe wenyewe unaibana ile mishipa myembamba, damu inazidi kukosekana. Nyuzi zikifa, sehemu ya picha zilizokuwa zikiibeba inapotea nazo. Mara nyingi inayokwenda ni nusu ya chini, ndiyo maana mumeo kabaki na paji lako akakosa kidevu. Hakuumwa kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida hauumi, na kwa kutouma kwake huwachelewesha watu wengi.

Kwa nini asubuhi? Mtu akilala, presha yake hushuka. Ni kawaida ya mwili. Wataalamu wengi wa macho wanaamini kwamba kwa mwenye neva iliyobanana, mshuko huo wa usiku ukizidi, damu haifiki. Yapo mabishano kuhusu uzito wa jambo hili, lakini wagonjwa wanaogundua wakati wa kuamka ni wengi. Hapo ndipo ile dawa ya presha aliyojiongezea usiku inapoingia, na hapo ndipo penye mzigo wa barua yako.

Unauliza kama vidonge vya nguvu za kiume ndivyo vimempofusha. Hakuna daktari atakayekuapia ndiyo, wala hapana. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha onyo kuhusu upotevu huu wa ghafla wa kuona liingizwe katika maelezo ya dawa hizo: sildenafili, tadalafili na vardenafili. Shida ni kwamba wanaozitumia wengi ni wanaume wa makamo wenye presha, sukari na mafuta mengi kwenye damu, na hao ndio hao wanaopatwa na ugonjwa huu hata bila kidonge. Kuvitenganisha ni kazi. Ila kwa mtu ambaye jicho moja limekwisha kupatwa, ushauri wa kawaida wa madaktari wa macho ni kuviacha. Hivyo viwili vilivyobaki visiliwe.

Tazama usiku wa mumeo ulivyokuwa: dawa ya presha mara mbili ya alivyoandikiwa, pengine na kidonge kinacholegeza mishipa, halafu usingizi. Vyote vitatu vinashusha presha. Sisemi ndivyo vilivyofanya. Nasema daktari asiyejua haya anatibu mtu mwingine kabisa, si mumeo.

Nimefanya kazi chumba cha macho miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na wanaume wanaojibu "za presha tu" nimewazoea. Mke akiwa amekaa pembeni ndiyo kabisa. Wauguzi wazoefu humtuma mke akachukue faili, ndipo wanauliza tena.

Kwa hiyo je, umwambie daktari? Mwambie mumeo kwanza. Usiende nyuma ya mgongo wake, kwa sababu atajua, na baada ya hapo hatameza hata maji mbele yako bila kukuangalia. Chagua wakati mko wawili, watoto na shemeji hawapo. Usianze na pakiti. Anza na jicho la kushoto. Mwambie: "Baba fulani, nataka tulinde hili lililobaki. Daktari anahitaji kujua kila unachomeza, na mimi najua kuna ambacho hukukitaja. Sina ugomvi nacho. Utasema wewe au tuseme wote?" Halafu unyamaze. Akifoka, mwache afoke. Akikataa katakata, mwambie wazi, usoni pake, kwamba kliniki ijayo wewe utasema. Heshima ya mume inalindwa kwa kumwambia kabla. Haimtaki mke anyamaze mpaka jicho la pili nalo lizime.

Hukuliandika, lakini nadhani linakukera: alivimeza kwa ajili ya nani? Mimi sijui, na leo si siku ya kesi hiyo. Nikwambie tu ninachokijua. Mwanamume wa miaka 58 mwenye presha na sukari nguvu zikimpungua, mara nyingi ni mishipa ya damu imeanza kuchoka, na baadhi ya dawa za presha huongezea. Tatizo hilo linaweza kutangulia maradhi ya moyo. Ni habari ya kitabibu, si ya aibu. Tena kuna dawa za moyo za jamii ya nitrati ambazo zikikutana na vidonge vile presha huporomoka vibaya. Siku akikimbizwa hospitali kifua kinambana, jambo la kwanza watakalotaka kujua ni kama amevimeza. Hiyo ni sababu nyingine ya siri hii kuisha.

Kuhusu dawa ya presha, asije akaiacha kwa hofu baada ya kusoma haya. Presha iliyoachwa huru inaharibu hiyo hiyo mishipa, na inaleta kiharusi. Arudi kwenye kipimo alichoandikiwa, kisha mwende kwa daktari anayemtibu presha mkamweleze ile namba kubwa iliyomtisha. Muulizeni mambo mawili: dawa inaweza kuhamia asubuhi? Na inawezekana kumfunga kifaa kinachopima presha saa 24, ili ionekane usiku inashuka mpaka wapi? Daktari wa presha na daktari wa macho mara nyingi hawaonani. Ninyi ndio mtakaobeba habari kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Kuna swali ambalo wewe tu ndiye unayeweza kulijibu, kwa kuwa ndiye unayelala naye. Anakoroma? Sisemi kukoroma kwa uchovu. Nasema kule kukoroma kwa nguvu, kisha kimya, pumzi imekata, unasubiri, halafu anashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Mchana je, anasinzia akikaa tu? Kama ndivyo, pumzi zake zinakatika usingizini, na hali hiyo inaonekana sana kwa wagonjwa wa NAION. Inapimwa, na ina tiba: mashine ya kusukuma hewa inayovaliwa usiku, pamoja na kupunguza uzito. Mrekodi kwa simu usiku mmoja. Daktari akisikia sekunde 30 za sauti ile hahitaji maelezo mengi.

Sasa shemeji. Anastahili shukrani kwa kuhangaika, lakini kiwanja kisiuzwe. Upasuaji anaousema ulikuwapo kweli: kupasua ala inayoizunguka neva ili kupunguza mbano. Marekani waliupima kwa utafiti mkubwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1995. Baada ya miezi sita, waliopasuliwa walioona nafuu ya mistari mitatu au zaidi kwenye ubao wa herufi walikuwa asilimia 33 hivi. Wasiopasuliwa, wakafuatiliwa tu, walikuwa asilimia 43. Waliozidi kuharibikiwa kwa kiasi hicho hicho walikuwa asilimia 24 kwa waliopasuliwa, na 12 kwa wenzao. Yaani kisu kilikuwa kibaya kuliko kungoja. Utafiti ukasimamishwa. Atakayewaambia leo anaufanya kwa ugonjwa huu, mwulizeni kuhusu huo utafiti na mtazame atakavyojibu.

Lakini ona na lile la heri lililomo katika hesabu hizo. Watu wanne kati ya kumi, bila kuguswa, walipata nafuu kiasi. Daktari aliposema mngoje hakuwa amewatupa. Uvimbe wa neva huchukua wiki kama sita hadi nane kushuka, na hapo ndipo inaonekana kilichobaki ni nini. Ndiyo maana ya hizo wiki sita. Katika wiki mbili za mwanzo hali inaweza kuzidi kidogo kabla ya kutulia. Nafuu ikija mara nyingi si kamili, na sehemu yake ni mtu kujifunza kutazama kwa sehemu iliyo hai. Steroidi zimejaribiwa kwa aina hii na wataalamu hawajaafikiana. Kwa mwenye sukari zina gharama yake, maana huipandisha, kwa hiyo sishangai kwamba hakupewa.

Matone ya wifi yarudisheni, au yatupeni. Ni ya kushusha presha ya ndani ya jicho, ugonjwa mwingine kabisa, na baadhi yake huingia kwenye damu yakashusha presha ya mwili na mapigo ya moyo. Mumeo hahitaji cha nne cha kushusha presha usiku.

Mwanao hakuokota uongo, ila habari hiyo haimhusu baba yake. Mwaka 2024 watafiti wa Harvard walichapisha kwamba watumiaji wa semaglutidi, ile dawa ya sukari na uzito, walionekana kupata NAION zaidi ya wenzao. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaitambua kuwa madhara ya nadra sana, yanayoweza kufikia mtu 1 kati ya watumiaji 10,000. Lihifadhini hilo kwa siku ambayo daktari wa sukari atataka kumwanzishia dawa ya namna hiyo. Siku hiyo itajwe habari ya jicho.

Jicho la pili, basi. Wale wagonjwa wa utafiti ule wa upasuaji walifuatiliwa kwa miaka, na katika miaka 5 hivi asilimia 15 walipatwa jicho la upande wa pili. Si hesabu ya kuchekea, lakini katika watu 100, watu 85 hawakupatwa. Aspirini haijathibitika kulikinga, hivyo msimwanzishie wenyewe kwa kuwa mtu kasema inayeyusha damu. Kama daktari kampa kwa ajili ya moyo, hiyo ni habari nyingine. Kinachobaki mikononi mwenu ni presha isiyopanda sana wala kuporomoka usiku, sukari, mafuta ya damu, sigara kama anavuta, na hiyo pumzi. Kila asubuhi afunge jicho la kulia kwa kiganja, asome kitu kimoja kile kile kwa la kushoto. Siku atakayoona wingu au kivuli, hata kama haliumi, hata kama ni Jumapili, mwende muda huo huo.

Ukali wake usiubebe wote kama wako. Ameamka asubuhi moja sehemu ya dunia haipo, akaambiwa nenda kapumzike. Ngazi alikosea kwa sababu kukadiria kina kunahitaji macho mawili yanayofanya kazi pamoja. Huchukua miezi ubongo kuzoea. Badala ya kumshika ghafla, ukae upande wake wa kulia na umpe bega lako alishike yeye. Bandikeni utepe wa rangi kali kwenye ukingo wa ngazi ya juu kabisa na ya chini kabisa, taa ya ngazi iwe na mwanga wa kutosha, na afundishwe kuinamisha kichwa kidogo anaposhuka. Aagize miwani yenye lenzi ngumu za polikaboneti hata kama haihitaji kwa kusoma, aivae akikata kuni, akigonga msumari, akiendesha pikipiki. Jicho la kushoto sasa halina mbadala.

Na gari: si kwamba jicho moja halitoshi kamwe. Wapo wanaoendesha kwa jicho moja, kwa ruhusa. Kwanza apimwe uwanja wa kuona wa macho yote mawili kwenye ile mashine ya kubonyeza kila unapoona nukta ya mwanga, daktari aandike matokeo, na sheria ya leseni yenu ifuatwe. Mtu anayekosea ngazi ya mwisho nyumbani kwake bado hajaweza kupima umbali wa gari lililo mbele. Mpaka karatasi hiyo itoke funguo zikae kwako, na mwambie ni mimi niliyesema.

Shangazi